Sisimizi wa Kutumwa

Mikono minne ilisimama juu ya sinia kwa mpigo mmoja, na Mbeyu akajua kwamba inamtazama yeye.

Ilikuwa hitima ya jirani, adhuhuri imeshaswaliwa, wanawake wamekaa mkekani kila kundi na sinia lake. Wali wa nazi ulirundikwa katikati, mchuzi wa mbuzi ukiteremka pembeni, kachumbari ukingoni, na tende za kumalizia. Mbeyu alikuwa akivuta upande wake nyama na kachumbari, akiupita wali kama mtu anayekwepa dimbwi njiani.

"Mama Nassir, wali umekukosea nini?" mmoja akauliza, kicheko kikiwa nusu kinywani.

"Nimeshiba mwenzangu, alhamdulillahi."

"Umeshiba wapi na hata tonge hujatia?"

Wa pembeni, ambaye hakuwa ametamka neno tangu sinia liletwe, alikuwa akiangalia bangili za Mbeyu zilivyokuwa zikiteleza mpaka karibu na kiwiko. Akasema taratibu, kama anayezungumza na wali: "Labda kuna anakokula."

Hapakuwa na aliyecheka. Kama wangalicheka, Mbeyu angalimaliza nyama yake na kunawa. Mikono ikarudi siniani, lakini ikawa inachota mbali na upande wake. Huku kwetu mtu anayesemwa kwamba ana kwingine anakokula haambiwi habari za hoteli. Anaambiwa kwamba anakula watu.

Alitembea kurudi nyumbani bila kutazama nyuma. Kanga aliyovaa, ambayo mwaka uliopita ilikuwa ikimtosha kwa shida, ilimzunguka karibu mara mbili.

Mwaka uliopita Mbeyu alikuwa mwanamke mnene, na unene wake ulisifiwa hadi Msambweni. Mjane, mwanawe Nassir yuko kazini Mombasa, nyumba ni yake, minazi ni yake, mwili umenawiri. Watu walimwambia mashallah. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akiamka na kiu, kwamba akila mchana alipigwa na usingizi kama aliyenyweshwa dawa, na kwamba nyuma ya shingo palikuwa pameingia weusi kama masizi ya sufuria. Alipasugua kwa ndimu, akapasugua kwa liwa, mpaka ngozi ikawaka moto. Weusi haukutoka.

Weusi huo ndio uliompeleka zahanati. Daktari alikuwa kijana wa bara, jina lake Hesbon, akamkaribisha kwa "Sasa mama, uko poa?" Mbeyu alimtazama mpaka kijana akatambua kosa lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa waweza kunitazama."

Hesbon aliinua ncha ya mtandio, akaiona shingo, akapima damu, akapima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, hiyo shingo si uchafu, usiisugue tena. Insulini unaisikia? Ni kama mtu anabisha hodi. Ukila wali, sukari inaingia kwa damu, insulini inaenda kwa kila mlango wa mwili, inasema hodi, fungua, leta sukari ndani. Sasa mwili wako umekuwa kiziwi. Hodi, hodi, hakuna jibu. Kongosho inatuma mwingine asaidie kubisha, na mwingine, mpaka uwanja umejaa watu wanapiga kelele. Sukari imebaki nje, na wewe unazidi kunenepa na bado una njaa. Tunaita ukinzani wa insulini."

"Ndicho kisukari?"

"Bado. Lakini kiko kwa gate. Ukipunguza uzito, ukiacha sukari na mambo ya unga, mlango unaweza kuanza kusikia tena. Hata dawa huenda usihitaji."

"Na nisipoacha?"

Hesbon alitazama miguu ya Mbeyu. Mbeyu alikuwa amemuuguza dada yake, Ummi.

Ummi alianza kwa kuwashwa kidole cha mguu. Kabla ya hapo walikuja sisimizi. Walijipanga kila asubuhi kwenye ukuta wa choo, mahali ambapo Ummi alikwenda haja ndogo, mstari mweusi unaotembea, na mama yao akawamwagia mafuta ya taa, akawamwagia majivu, wakarudi. Hawakujua sisimizi wanafuata nini. Wakacheka. Kisha kidole kikawa cheusi, na Mbeyu ndiye aliyekiosha kwa maji ya chumvi kila siku mpaka harufu ile ikamwingia kwenye nywele: harufu tamu iliyooza, kama maembe yaliyosahauliwa ndani ya gunia. Mguu ukakatwa chini ya goti. Ukakatwa juu ya goti. Ukafuata wa pili. Walimzika Ummi akiwa mfupi kama mtoto, na waliobeba jeneza waliona haya kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Kwa hiyo Mbeyu alitoka zahanati na hofu imemkaa kifuani, na hofu hiyo ndiyo iliyompikia tangu siku ile.

Alianza kwa kukosea. Sukari aliiacha papo hapo, lakini sukari kwake ilikuwa ile nyeupe ya paketi. Chai akaitia asali, kwa kuwa asali ni dawa na imetajwa katika Kurani. Akala tende, kwa kuwa tende ni sunna. Asubuhi akanywa dafu, jioni dafu, kwa kuwa limetoka mnazini kwake na hakuna kampuni iliyolitia mkono. Aliporudi kupimwa alikuwa ameongezeka.

Hesbon alishika kichwa. "Mama, mwili hauulizi imetoka kwa nani. Tende moja, sawa. Wewe unaniambia sahani."

Alirudi nyumbani akalia, kisha akaanza upya. Mahamri akayaacha. Sima ya unga mweupe akaiacha, wali akauacha, muhogo wa kuchemsha akauacha, na huo ulimuuma kuliko vyote. Akala samaki, ng'onda wa kukaushwa juani, mayai, bamia, kunde kidogo, na mchunga, ile mboga chungu ambayo vijana siku hizi wanaiita chakula cha mbuzi. Wiki za mwanzo kichwa kilimgonga na mikono ikamtetemeka, akikaa jikoni akinusa mahamri ya jirani mpaka machozi yanamtoka. Baadaye njaa ile ya kichaa ilipungua. Usingizi wa mchana ukaondoka. Akaanza kutembea hadi pwani na kurudi kabla jua halijakolea. Siku moja aliinama kuokota kibuyu na akashangaa kwamba ameinama.

Na hapa lazima isemwe, kwa kuwa wanaosahau ni wengi. Mbeyu hakuwa akila chakula kipya. Alikuwa akila chakula cha bibi yake. Bibi huyo alilima mtama, kunde na mbaazi pale pale ambapo leo ni miwa mpaka macho yanachoka. Mbeyu alikuwa msichana siku tingatinga zilipokuja, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Mikorosho iling'olewa mizizi ikatazama juu. Wazee ambao baba zao wamezikwa palepale waliambiwa kwamba wamevamia ardhi ya serikali, na serikali imewapa wenye miwa. Mtama ukaisha. Ikaja sima nyeupe ya paketi na chai ya vijiko vinne, tukaambiwa tumeendelea. Miwa hupita mlangoni kwa watu ikiwa juu ya matrela, hurudi ikiwa sukari dukani, na miguu inakwenda kukatwa hospitalini. Nani amewahi kuitwa barazani akajibu kuhusu miguu hiyo? Hajaitwa mtu. Anayeitwa barazani ni mjane aliyekonda.

Kwanza walisema ana virusi. Hilo alilimeza. Kisha ikaja hitima ile, na baada ya hitima watoto waliokuwa wakipita uani kwake kwenda kisimani wakaanza kuzungukia mbali. Dukani mwanamke mmoja alimvuta binti yake nyuma ya buibui. Mbeyu alisalimu, "Asalaam alaikum," na mwenye duka akaitikia akiwa ametazama mizani.

Aliyemletea habari yenyewe alikuwa Mapenzi, mwanamke wa Kiduruma aliyekuwa akichukua samaki pwani ya Bodo na kuwatembeza vijijini kwa ndoo. Alikuwa Mkristo, si wa ukoo, na kwa hiyo watu walizungumza mbele yake kama mbele ya ndoo isiyo na masikio. Alitua mzigo wake, akatoa tasi watatu, kisha akafunga mlango wa ua kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwenzangu, leo sikuleta samaki tu. Kaka yako Suleiman ana nini mguuni?"

"Suleiman? Sijui. Huu mwezi haji kwangu."

"Haji kwa sababu anakuogopa. Mguu una kidonda hakifungi. Wamekwenda kwa mganga, mganga amesema amekanyaga kitego njiani, kati ya nyumba yako na yake. Na sisimizi wanamfuata."

Mbeyu, aliyekuwa ameshika samaki mkiani, alimweka chini.

"Sisimizi gani?"

"Kila anapokojoa, mama. Ukutani, nyuma ya migomba. Wanakuja jeshi. Mganga amesema ni sisimizi wa kutumwa, wanakwenda kuchukua nguvu zake na kumpelekea anayemla." Mapenzi alishusha sauti. "Swabir, mtoto wake, ndiye anayezungusha maneno. Anasema, shangazi hali mbele ya watu, na kila akipungua yeye baba anazidi kuoza. Anasema mla watu chakula cha watu hakimshibishi."

"Na kama ningenenepa?"

"Wangesema umenenepea damu. Usitafute akili humo, Mama Nassir. Ondoka. Nenda kwa mwanao Mombasa."

Mbeyu alimwokota samaki aliyemweka chini. Alimkumbuka mzee mmoja wa upande wa pili wa barabara kuu, aliyekuwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi, yakasemwa ni ya mchawi. Vijana walimwita nje kwa heshima, wakamwambia shikamoo kabla ya kumkata. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka, na shamba la yule mzee leo lina ukuta na geti. Hakuna aliyeshitakiwa. Kila mtu anajua waliofanya, na kila mtu huwasalimu.

Kukimbia? Anayekimbia amekiri. Nyumba ingechomwa kabla basi halijafika Likoni, na kaburi la mumewe lingelimwa.

Basi akafanya jambo ambalo hofu humfundisha mtu. Asubuhi iliyofuata alikaanga mahamri, harufu ikatambaa mtaa mzima, akachemsha chai ya maziwa akaitia sukari mpaka kijiko kikasimama, akatoa kiti nje, kando ya njia, akakaa kula. Alikula polepole ili aonekane. Waliopita aliwainulia hamri. "Karibuni! Karibuni chai!" Wengine waliitikia. Mmoja hata alisimama akapokea moja, na Mbeyu akataka kumbusu mikono.

Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Mwili wake ulipokea sukari kama mlevi anavyopokea chupa. Usingizi wa mchana ulirudi, na kiu. Jioni moja, akiwa amekaa kitandani, alihisi vidole vya mguu vikimchonyota, sindano ndogo ndogo, na akaruka akawasha tochi akaitazama miguu yake, kidole baada ya kidole, akipenyeza ncha ya kanga katikati, akinusa mkono wake kila mara. Hapakuwa na kitu. Alikaa hapo na tochi mkononi. Akila, atakwenda njia ya Ummi. Asipokula, atakwenda njia ya yule mzee. Asubuhi hakukaanga chochote. Alikwenda nyuma ya choo chake, akainama, akakagua ukuta kwa muda mrefu kama mtu aliyepoteza pete. Hapakuwa na sisimizi. Akashukuru, akachemsha mchunga.

Swabir alikuja siku ileile baada ya alasiri. Hakuingia. Alisimama njiani, kijana mwenye mabega mapana na tumbo lililoanza kutangulia, chupa ya soda mkononi.

"Shikamoo shangazi."

Salamu hiyo ilimkumbusha yule mzee. "Marahaba."

"Baba anakuita. Ukoo umekaa."

"Nivae buibui."

"Vaa. Nitakungoja hapa."

Uani kwa Suleiman walikuwa wamekaa wanaume wa ukoo kwenye mikeka, wanawake kwa nyuma, na kando ya ua vijana wamechutama, kila mmoja na panga lake. Mapanga si ajabu, wamekata miwa tangu asubuhi. Lakini mtu akitoka shamba huliegemeza panga ukutani. Hawa walikuwa wameyalaza mapajani.

Suleiman alikaa kwenye kiti cha kamba, mnene, kanzu safi, amevaa viatu vya kufunika na soksi katika joto lile. Kando yake jagi la maji. Udi ulikuwa ukifuka kwenye vyetezo viwili kama ndani mna bibi harusi. Mbele yake, juu ya meza ndogo, palikuwa na sahani ya mahamri, bakuli la mbaazi za nazi, kikombe cha chai, na kipande cha halua kinachong'aa.

"Kaa dada," Suleiman akasema bila kumtazama. "Kula."

"Nimeitiwa kula tu?"

"Kula tukuone," Swabir akadakia. "Wewe si ulikuwa unakula njiani wiki hii, unatuinulia mahamri? Kwa nini leo asubuhi umeacha? Uliwadanganya wapita njia. Hapa hakuna mpita njia."

"Swabir, mimi ndiye niliyekufunga ubeleko."

"Ndiyo maana inauma, shangazi. Kama ungekuwa jirani tusingekuita. Ungekuta tumekuja." Mbeyu aliona kwamba kijana anatetemeka, na hilo lilimtisha kuliko panga, maana mtu mwenye hofu hana breki. "Baba anaoza. Anaoza mbele yangu! Sisimizi wanatoka kwako wanakuja kumlamba. Nimewafuata mimi mwenyewe, mstari wao umeelekea kwenye njia ya kwako. Kula, au sema umemfunga wapi."

Mzee mmoja akasema, "Taratibu, mtoto," lakini hakusema zaidi.

Suleiman alichukua jagi akanywa, maji yakimchuruzika kidevuni, akaliweka, akalichukua tena. Mbeyu alinyoosha mkono kuelekea sahani. Angekula. Mungu shahidi, angekula halua yote na sahani juu yake. Aliinama kuchukua hamri, na katika kuinama pua yake ikapita karibu na goti la kaka yake, chini ya moshi wa udi.

Maembe. Maembe yaliyosahauliwa ndani ya gunia.

Mkono wake ulibaki hewani. Hofu aliyokuja nayo haikuondoka, bali ilisogea ikapisha nyingine ya zamani zaidi. Alipiga magoti. Wanawake waliguna. Kijana mmoja alisimama.

"Kaka, vua kiatu."

"Usimguse!" Swabir akapiga kelele.

"Kaka. Mguu wa Ummi aliuosha nani?"

"Usimtaje Ummi hapa," Suleiman akasema, na sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyeshikwa.

"Aliuosha nani? Mlikuwa mkikaa nje ya mlango nyote, mmeshika pua. Ukutani kwa Ummi kulikuwa na nini asubuhi, Suleiman? Sema wewe, uliyekuwa ukiwamwagia sisimizi mafuta ya taa mama akichoka. Ummi naye nilimtumia mimi sisimizi? Nilikuwa kigoli!"

Alianza kufungua kamba za kiatu. Fundo likamshinda, akalikata kwa meno. Alingoja panga. Alilingoja shingoni, palepale penye weusi ambao ulikuwa umeanza kufifia, na ngozi ya hapo ikamsisimka. Panga halikuja. Kiatu kilitoka, na soksi ikatoka na kitu, na harufu ikaupita udi ikajaza ua wote. Vijana walirudi nyuma. Mmoja alitapika kwenye migomba.

Kidole gumba kilikuwa cheusi, na weusi umeanza kupanda.

"Hiki si kitego," Mbeyu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini wote waliisikia. "Hii ni sukari. Sisimizi wanafuata sukari. Hata dukani hawafuati kingine. Iko kwenye mkojo wake, ndiyo wanayoijia. Mimi nimekonda kwa kuikimbia hii. Naikimbia nisizikwe kama Ummi, na nyinyi mnanikimbiza kwa kuwa naikimbia."

"Baba?" Swabir akasema.

Suleiman aliinama mpaka midomo ikakaribia sikio la dada yake. Alinong'ona, lakini Swabir alikuwa amesogea na alisikia.

"Mbeyu, wataukata. Kama wa Ummi."

"Uliambiwa?"

Suleiman aliinamisha kichwa. Alikuwa akitazama kidole.

"Ulikwenda hospitali ukaambiwa, Suleiman?"

"Ukiwa umerogwa," akasema pole pole, "kuna wa kukurogoa. Mguu unarudi. Ukiwa na sukari, wanakata."

Hivyo tu. Hakusema kwamba alikuwa tayari dada yake auawe ili mguu ubaki, lakini wote waliokuwa pale walilisikia ambalo hakulisema. Swabir alikaa chini udongoni, kama mtu aliyeondolewa kiti. Mzee aliyekuwa amesema taratibu alianza kumwita mwenye gari, kwa sauti kubwa, apate kuonekana anafanya jambo. Mapanga yalitoweka. Hakuna aliyeona yalikokwenda, na hakuna aliyekuwa ameyashika.

Mbeyu alipanda gari na kaka yake, mguu ule mapajani kwake umefungwa kwa kanga. Njia nzima alimshika mkono. Hakumsamehe. Mkono alimshika kwa sababu ulikuwa baridi.

Walikata vidole vitatu na sehemu ya unyayo, goti likabaki. Daktari alisema wiki moja zaidi na mguu wote ungekwenda. Suleiman alirudi na fimbo, na siku moja akaja kwa Mbeyu, akakaa, akala samaki na mchunga, akakunja uso.

"Mboga hii ni chungu."

"Ndiyo."

"Bibi alikuwa akiila kila siku."

"Bibi alikufa na miguu yake."

Hayo ndiyo waliyozungumza. Msamaha haukuombwa wala kutolewa. Ukoo haukukaa tena. Yule mganga bado yuko, na wateja wake bado wanakwenda. Kwenye hitima nyingine wanawake walimsogezea Mbeyu upande wenye samaki, wakachangamka kupita kiasi, na mmoja akamuuliza pembeni alikondaje mpaka kiuno kikaonekana. Mbeyu alimweleza. Alikuwa akieleza huku anahesabu milango ya kutokea. Uzito umeendelea kushuka, Hesbon amefurahi, sukari imekaa mahali pake. Lakini kila anapopita mbele ya vijana waliochutama na mapanga, mgongo wake unakuwa mgumu kama ubao, naye hulala amesogeza kinu nyuma ya mlango.

Ikawa asubuhi moja, jua limeshatoka, yuko jikoni, mtu akabisha.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume. Mbeyu alishika mwiko. Hakuitikia.

"Hodi, shangazi."

Alikuwa Swabir. Tangu siku ile hakuwa amefika. Mbeyu aliutazama mlango wa nyuma, akakumbuka kwamba nyuma kuna miwa tu, na miwa huficha watu wa kila namna.

"Hodi."

Alisukuma kinu. Alifungua mlango kidogo, mwiko ukiwa juu. Swabir alisimama bila panga, chupa ya soda mkononi, tumbo limejaa kwenye fulana, midomo imekauka mpaka imepasuka. Alishindwa kutoa shikamoo. Alitazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa kwenye kandambili, mizima, vidole vyote vipo.

"Shangazi," akasema, "wamekuja ukutani kwangu."

Mbeyu aliteremsha mwiko. Alibaki amesimama hapo, anamwogopa kijana na anamwogopea, akashindwa kutenga hofu moja na nyingine. Kisha akaufungua mlango wote.

"Ingia," akasema. "Na hiyo soda iache nje."